Uzi: Sauti ndani ya hewa, maji, chuma na udongo, na kwa nini mpaka wa vitu viwili ndio wenye kauli ya mwisho

#1. Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Karibu kila aliyepita darasa la fizikia anaikumbuka sentensi hii: sauti husafiri polepole katika gesi, haraka zaidi katika kimiminika, na haraka kuliko kote katika yabisi, kwa sababu chembe za yabisi zimekaribiana. Sehemu ya kwanza ni kweli mara nyingi. Sehemu ya pili, ile ya "kwa sababu", ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo ndiyo inayotufanya tushindwe kueleza mambo tunayokutana nayo kila siku: kwa nini besi ya baa ya jirani hupenya ukuta wa tofali ilhali maneno ya wimbo hayapenyi, kwa nini mama mjamzito hupakwa jeli kabla ya kipimo cha ultrasaundi, na kwa nini baruti ya mvuvi haramu huua samaki waliokuwa mbali na mahali ilipolipukia. Nimefungua uzi huu tulijadili jambo hili kwa utulivu. Hoja yangu ni kwamba kasi ya sauti ndani ya kitu ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Jambo zito zaidi hutokea pale kitu kimoja kinapokoma na kingine kinapoanza.

Nianze na kasi, ili tukubaliane kwenye msingi. Katika hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi, sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Katika maji baridi yasiyo na chumvi, kwa nyuzi hizo hizo, huenda mita 1,480 hivi. Katika pande kubwa la chuma cha pua au chuma cha kawaida cha ujenzi, hukaribia mita 5,900. Kwa hesabu hizi tatu peke yake, ile sentensi ya darasani inaonekana imesimama imara.

Sasa tuijaribu kwa vitu vingine. Risasi, ile metali laini ya kwenye betri za magari, ni nzito kuliko chuma, kwani mita moja ya ujazo ina kilo 11,340 wakati ya chuma ina takribani kilo 7,850. Kama msongamano ndio ungekuwa sababu, sauti ingekimbia zaidi ndani ya risasi. Badala yake huenda mita 2,160 kwa sekunde hivi, yaani chini ya nusu ya kasi yake katika chuma. Alumini ni nyepesi karibu mara tatu kuliko chuma, lakini ndani yake sauti hufikia mita 6,400. Zebaki ina uzito mara 13.6 ya maji, na bado kasi ya sauti ndani yake ni kama mita 1,450, karibu sawa na ya maji. Na katika gesi, haidrojeni ambayo ni nyepesi kuliko zote hupitisha sauti kwa mita 1,300 hivi kwa sekunde, karibu mara nne ya hewa tunayovuta.

Kinachoamua ni mvutano wa mambo mawili: ukakamavu wa kitu, yaani nguvu inayokirudisha katika umbo lake kinapobanwa, na uzito wa kila kipande chake kinacholazimika kusogezwa. Ukakamavu huharakisha wimbi, uzito hulichelewesha. Kasi ni kipeuo cha pili cha ukakamavu uliogawanywa kwa msongamano. Chukueni kalamu mhakikishe wenyewe kwa maji na hewa: maji ni mazito kuliko hewa mara 830 hivi, lakini ni magumu kubanwa mara 15,500 hivi. Gawanya namba kubwa kwa ndogo, upate karibu 18.7. Kipeuo chake cha pili ni 4.3. Zidisha 343 kwa 4.3, utaangukia karibu kabisa na mita 1,480. Kwa hiyo maji hayaipeleki sauti haraka kwa sababu ni mazito. Yanaipeleka haraka licha ya kuwa mazito, kwa kuwa ukakamavu wake umeushinda uzito huo kwa mbali.

Kanuni hiyo ilimsumbua hata Isaac Newton. Katika kitabu chake cha mwaka 1687 alikokotoa kasi ya sauti hewani akapata jibu lililopungua kwa takribani asilimia 15. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1816, Pierre-Simon Laplace alipochapisha sababu: hewa inapobanwa na wimbi hupata joto, na joto hilo halipati muda wa kutoroka kabla wimbi halijapita, kwa hiyo hewa huwa kakamavu kuliko Newton alivyodhani. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono na kugusa ncha ya pampu amelihisi joto hilo.

Karibuni kwa michango na maswali.

#2. Mchangiaji, mwalimu wa sekondari

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa mada. Mimi nafundisha kidato cha pili, na swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka ni hili: ikiwa uzito hupunguza kasi, na hewa ya juu mlimani ni nyepesi, basi sauti inapaswa kukimbia zaidi kileleni kuliko pwani. Vitabu vinasema kinyume. Ungewaeleza vipi vijana?

#3. Mleta uzi

Mwalimu, wanafunzi wako wanauliza swali zuri sana. Jibu linatoka katika ule ule mgawanyo. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, imeshuka hadi karibu nusu. Ni kweli hewa imekuwa nyepesi, lakini ukakamavu wa gesi unatokana na kanieneo yake yenyewe, hivyo nao umeshuka pamoja na uzito wa hewa. Juu na chini ya mgawanyo vimepungua kwa uwiano mmoja na kufutana. Kinachobaki ni halijoto peke yake. Kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza au kupunguza kasi kwa takribani mita 0.6 kwa sekunde, kuanzia mita 331 kwa nyuzi sifuri. Mchana wa joto la nyuzi 30 Dar es Salaam au Mombasa, sauti huenda karibu mita 349. Kileleni, kwa nyuzi 7 chini ya sifuri, huenda karibu mita 327. Sauti imepungua mwendo kwa sababu ya baridi, wala si kwa sababu ya wepesi wa hewa.

Tofauti hiyo ya mita ishirini na kitu yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza jambo ambalo kila mkazi wa pwani analijua: adhana ya alfajiri hufika mbali kuliko ya adhuhuri, hata kama kipaza sauti ni kile kile. Ukimya wa mji huchangia, ila si sababu pekee. Mchana ardhi huwa ya moto na hewa iliyo karibu nayo huwa ya moto kuliko ya juu. Sehemu ya chini ya wimbi hukimbia kuliko ya juu, na wimbi zima hupinda kuelekea angani likituacha sisi tulio chini ndani ya kivuli cha sauti. Usiku wa manane hadi alfajiri, ardhi imeshapoa, hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu, na wimbi hupinda kurudi chini likafika mitaa ya mbali. Kumbukeni kanuni hii, kwa maana nitaihitaji tena tukifika baharini: wimbi la sauti hupinda daima kuelekea upande ambako mwendo wake ni mdogo.

Upepo nao hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa kuwa unavuma kwa nguvu zaidi juu kuliko karibu na ardhi, sauti inayokwenda na upepo hupindishwa chini na inayokwenda dhidi ya upepo hupindishwa juu. Ndiyo maana kijiji kile kile husikia ngoma za kijiji jirani wakati wa kusi na kisizisikie wakati wa kaskazi.

#4. Mchangiaji, muuguzi mkunga

Mimi nipo upande wa afya. Umetaja jeli. Tuliofundishwa tunajua tu kwamba bila jeli picha haionekani, lakini sijawahi kupata maelezo ya kina. Je, jeli huifanya sauti iende haraka zaidi?

#5. Mleta uzi

Hapana, dada. Jeli haiongezi kasi yoyote, kazi yake ni kuondoa hewa, na hapa ndipo tunapoingia katika kiini cha uzi huu.

Wimbi likifika mahali ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine, sehemu yake hupita na sehemu yake hurudi. Kiasi kinachorudi hutegemea tofauti ya kile ninachokiita ukinzani wa sauti, ambao ni msongamano wa kitu ukizidishwa kwa kasi ya sauti ndani yake. Vitu viwili vyenye ukinzani unaokaribiana huachiana sauti bila shida. Vikitofautiana sana, mpaka kati yao hugeuka kuwa kioo cha kurudisha mwangwi. Ukinzani wa maji ni zaidi ya mara 3,500 ya ule wa hewa. Matokeo yake, sauti ya hewani inapogonga uso wa maji tulivu moja kwa moja, ni takribani sehemu moja tu kati ya elfu ya nishati yake inayoingia. Sehemu 999 hurudi zilikotoka, na hesabu haibadiliki ukianza kutoka majini kwenda hewani.

Mwili wa binadamu kwa sauti ni kama maji. Katika nyama laini, mawimbi ya ultrasaundi huenda wastani wa mita 1,540 kwa sekunde, na mashine nyingi zimepangwa kukokotoa umbali kwa namba hiyo hiyo. Kati ya kifaa na ngozi kukibaki utando mwembamba wa hewa, hata usioonekana kwa jicho, karibu mawimbi yote hurudi ndani ya kifaa kabla hayajamgusa mama. Jeli ina ukinzani wa karibu sawa na wa ngozi, ikiujaza ule utando mpaka unafutika. Sababu hiyo hiyo huwanyima madaktari picha nzuri ya mapafu yaliyojaa hewa au ya utumbo wenye gesi: wimbi linafika pale na kugeuka.

Kwa kuwa wewe ni mkunga, nina hakika umewahi kukishika kile kibomba cha mbao, plastiki au alumini kilichopanuka upande mmoja, ambacho mkunga hukikita tumboni mwa mama na kuinamia sikio ili asikilize mapigo ya moyo wa mtoto. Kilibuniwa mwaka 1895 na daktari Mfaransa Adolphe Pinard, na hadi leo kinafanya kazi katika zahanati zetu ambako umeme haujafika au umekatika. Angalia mkunga mzoefu anavyokitumia: akishakibana kati ya sikio na tumbo huondoa mkono wake, kibaki kimeshikiliwa na kichwa chake tu. Vidole vikikisugua, msuguo huo huzaa kelele zinazopita moja kwa moja ndani ya kuta za kibomba na kuyafunika mapigo, ambayo ni dhaifu mno. Kabla yake, mwaka 1816 mjini Paris, René Laennec alikuwa ameviringisha karatasi na kuiweka kifuani kwa mgonjwa akasikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Stethoskopu za leo zimetokana na karatasi hiyo.

Ila chombo ninachokistaajabia zaidi kimo ndani ya vichwa vyetu. Sehemu ya ndani kabisa ya sikio, panapozaliwa usikivu wenyewe, imejaa kimiminika, na sauti inatoka hewani. Kwa hesabu niliyoitoa hapo juu tungepaswa kuwa karibu viziwi. Kinachotuokoa ni ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu vidogo. Ngoma hukusanya sauti katika eneo la milimita za mraba 55 hivi, kisha vifupa huikabidhi kwenye kidirisha chenye milimita za mraba 3 na kitu. Nguvu iliyotawanyika katika eneo kubwa ikikusanywa katika eneo dogo, na vifupa vikiongeza kidogo kwa kazi yao ya wenzo, kanieneo huongezeka takribani mara 20. Sehemu kubwa ya kilichokuwa kipotee mpakani hurejeshwa hivyo. Mtoto mwenye usaha nyuma ya ngoma ya sikio hupoteza msaada huo, na mara nyingi mwalimu wake humdhania mzembe wakati hasikii. Wazazi na walimu mlio humu, tafadhali mlitilie jambo hili maanani.

Mafundi nao hutumia mpaka huu kila siku. Anayenunua matofali ya kuchoma huchukua mawili na kuyagonganisha. Lililoiva vizuri na lisilo na ufa hulia kama kengele, kwa kuwa mtetemo unalizunguka lote bila kikwazo, na lenye ufa hutoa mlio mfu kwa sababu ule uwazi mwembamba wa hewa umelikata mara mbili kwa upande wa sauti. Fundi vigae hugonga sakafu aliyoimaliza akitafuta mahali ambapo gundi haikushika. Wakaguzi wa reli na mabomba hutumia ultrasaundi kwa msingi huo huo, nao pia hupaka maji au mafuta kati ya kifaa na chuma.

#6. Mchangiaji, mpiga mbizi

Mkuu, nimefuatilia kwa makini. Nimefanya kazi ya kupiga mbizi katika visiwa vya kusini kwa muda mrefu. Mambo mawili naomba uyaeleze. Kwanza, chini ya maji naisikia boti vizuri sana lakini siwezi kujua inatokea upande gani, na hilo ni hatari kwetu tunapotaka kuibuka. Pili, mlipuko wa baruti tunausikia hata ukiwa mbali sana kiasi kwamba aliye juu ya boti hajasikia chochote.

#7. Mleta uzi

Ndugu yangu, uliyoyataja yote mawili yanatoka katika yale tuliyokwisha kuyaeleza.

Ubongo hutambua upande wa sauti, kwa sehemu kubwa, kwa kupima ni sikio lipi limefikiwa kwanza. Hewani, sauti inayotoka ubavuni hulifikia sikio la pili ikiwa imechelewa kwa zaidi kidogo ya nusu ya elfu moja ya sekunde. Majini, kwa kuwa kasi ni zaidi ya mara nne, ucheleweshaji huo hupungua zaidi ya mara nne, na ubongo uliozoea hewa hauwezi kuufasiri. Tena majini sauti haihitaji kupitia tundu la sikio. Ukinzani wa mwili unakaribiana na wa maji, kwa hiyo inapenya fuvu zima na kuyafikia masikio yote mawili karibu kwa pamoja. Tahadhari ya kuinua mkono, kutazama juu na kuzunguka kabla ya kuibuka ni ya lazima, kwa maana masikio hayatakusaidia.

Kuhusu kusikia mbali, maji hunyonya sauti kidogo sana ukilinganisha na hewa, hasa sauti za mitetemo michache kwa sekunde. Kasi yenyewe ilipimwa vizuri mapema, mwaka 1826, katika Ziwa Geneva. Daniel Colladon na Charles Sturm walikaa katika mashua mbili zilizoachana kwa zaidi ya kilomita 13. Upande mmoja kengele iligongwa chini ya maji wakati ule ule baruti ikiwashwa juu yake, na upande wa pili msikilizaji alianza kuhesabu muda alipouona mwanga na kukoma aliposikia kengele kupitia bomba lililozamishwa majini. Walipata mita 1,435 kwa sekunde kwa maji ya nyuzi 8, na vipimo vya kisasa havijawapinga.

Bahari kuu ina jambo la ajabu zaidi. Maji ya juu ni ya vuguvugu na sauti huyapita kwa kasi. Ukishuka yanapoa na kasi inapungua. Ukishuka zaidi baridi haiongezeki sana, lakini kanieneo inaongezeka na kasi inapanda tena. Katikati, mara nyingi kwenye kina cha karibu kilomita moja, kuna tabaka la mwendo mdogo kuliko kote. Mkumbuke kanuni ya adhana: wimbi hupinda kuelekea kwenye mwendo mdogo. Likijaribu kupanda hurudishwa chini, likijaribu kushuka hurudishwa juu, hivyo husafiri ndani ya tabaka hilo bila kugusa sakafu wala uso wa bahari. Mwaka 1960 milipuko iliyofanywa baharini karibu na Perth, Australia, ilinaswa na vifaa vya Bermuda, karibu nusu ya mzunguko wa dunia, chini kidogo ya saa nne baadaye. Linganisheni na mlima Krakatoa, ambao mlipuko wake wa Agosti 1883 ulisafiri hewani juu ya Bahari ya Hindi ukasikika kisiwani Rodrigues, umbali wa kilomita 4,800 hivi, takribani saa nne baada ya kutokea. Muda ni karibu ule ule, lakini umbali wa majini ni mara nne.

Ama kuhusu baruti, hapa sitaficha uchungu wangu. Wimbi la mlipuko hupita ndani ya nyama ya samaki karibu bila kizuizi, kwa sababu nyama na maji ni karibu kitu kimoja kwa sauti. Taabu huanza linapofika kwenye mfuko wa hewa ambao samaki wengi wanao ndani ya mwili kwa ajili ya kuelea. Pale pana mpaka wa maji na gesi, ule ule wa mara 3,500. Mfuko hubanwa na kutanuka kwa ghafla hadi unapasuka, na mishipa ya damu iliyo jirani nao inachanika. Ndiyo maana mnamkuta samaki hana jeraha lolote nje, ila ukimpasua tumbo limejaa damu. Wengi huzama wasionekane, na mvuvi huondoka na sehemu tu ya aliowaua, huku matumbawe yaliyowalisha wazazi wake yakibaki kifusi. Maji yanayoipeleka habari hiyo mbali yamesaidia pia kuwafichua wahusika: watafiti walioburuta maikrofoni za majini kando ya pwani ya Tanzania mwaka 2015 walinasa milipuko mingi, na mingi zaidi ilikuwa katika maji yaliyo karibu na Dar es Salaam.

Mfuko huo huo wa hewa una upande wake wa heri. Katika Ziwa Viktoria, taasisi za utafiti za nchi tatu zinazolizunguka hutumia mwangwi wa sauti kukadiria wingi wa sangara na dagaa, na kinachorudisha mwangwi kwa nguvu ni ule mfuko uliomo ndani ya samaki.

#8. Mchangiaji

Na ardhi je? Nimesikia kwamba tembo husikilizana kwa miguu. Nikafikiri ni kwa sababu ardhi ni yabisi, basi sauti yao hufika haraka kuliko hewani.

#9. Mleta uzi

Kwamba huhisi mitetemo ya ardhini ni kweli, na utafiti wake umefanyika Namibia katika hifadhi ya Etosha na pia Samburu nchini Kenya, ambako matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Tembo akinguruma kwa mitetemo ya takribani 20 kwa sekunde, chini kabisa ya uwezo wa masikio yetu, sehemu ya mngurumo hupita hewani na sehemu hupita juu juu ya ardhi. Ila haifiki haraka. Katika udongo mkavu uliolegea mawimbi hayo huenda kama mita 250 tu kwa sekunde, polepole kuliko hewani. Chembe za mchanga ni ngumu kila moja peke yake, lakini zimegusana kwa ncha tu, kwa hiyo udongo mzima hauna ukakamavu. Ukisoma popote kwamba yabisi daima ni ya haraka, ukumbuke udongo ulio chini ya miguu yako.

Miamba mizima iliyo chini ni habari nyingine. Huko wimbi la mbano hukimbia karibu kilomita 6 kwa sekunde, na lipo wimbi la pili, la kukata kando, ambalo huenda kwa kilomita 3.5 hivi. Hewa na maji havina wimbi hilo la pili, kwa sababu havina nguvu ya kurudisha umbo vinapokatwa kando. Lile la kwanza likitokeza juu ya ardhi huweza kusikika hewani kama mngurumo, na la pili ndilo lenye mtikiso mkubwa unaoangusha kuta. Tetemeko kama lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, hutuma mawimbi hayo mawili kwa zamu. Nafasi kati ya mngurumo na mtikiso ni sekunde chache tu, ila ni sekunde za kutoka chini ya ukuta.

#10. Mchangiaji, fundi ujenzi

Mleta uzi, umeanza na besi ya baa na hujairudia. Nina mteja mwenye nyumba ya kupangisha, vyumba vimepangana, na wapangaji wanagombana kila siku kwa ajili ya kelele. Ameniambia nibandike trei za mayai ukutani. Nina shaka nazo.

#11. Mleta uzi

Shaka yako ni ya haki, fundi. Trei za mayai ni karatasi nyepesi. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba kile kile, na hazizuii chochote kwenda chumba cha pili, tena ni kuni tayari za kuunguza nyumba. Naomba mteja asiziweke.

Ukuta huzuia sauti kwa kukataa kutikiswa, na kinachokataa kutikiswa ni kizito. Kwa makadirio, ukiuongezea ukuta uzito mara mbili unapata desibeli 6 zaidi za kinga (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Na kwa ukuta ule ule, kila mitetemo ya sauti inapoongezeka maradufu unapata tena desibeli 6. Besi ya mitetemo 60 kwa sekunde iko chini ya konsonanti za maneno kwa maradufu tano hivi, kwa hiyo ukuta huzipunguza konsonanti kwa karibu desibeli 30 zaidi kuliko unavyoipunguza besi. Jirani wa baa hupata mdundo bila maneno kwa sababu hiyo, na hakuna rangi wala zulia la ukutani litakalobadilisha jambo hilo.

Lakini kabla ya kuongeza tofali, panda darini. Katika nyumba nyingi za kupangisha kuta za vyumba huishia kwenye usawa wa dari, na juu yake uwazi wa chini ya bati ni mmoja kwa nyumba nzima. Sauti hupanda kupitia ubao mwembamba wa dari, husafiri katika uwazi ule, na kushuka chumba cha tatu. Kamilisha kuta hadi ziguse bati, na uzibe kwa chokaa na sementi pale zinapokutana nalo. Halafu angalia matundu ya hewa na uwazi wa chini ya mlango. Uwazi wenye ukubwa wa asilimia moja tu ya eneo la ukuta huzuia ukuta wote kuvuka kinga ya desibeli 20, hata ungeujenga kwa zege la futi mbili. Piga plasta pande zote mbili pia, kwani tofali za sementi za kufyatua kwa mkono huwa na vitundu vinavyopitisha hewa, na penye njia ya hewa pana njia ya sauti.

#12. Mchangiaji, fundi ujenzi

Nimekuelewa vizuri. Upande unaopakana na baa anakubali kugharamia. Nijenge ukuta mmoja mnene, au miwili myembamba yenye nafasi katikati?

#13. Mleta uzi

Miwili, kama nafasi ya kiwanja inaruhusu. Ukuta mmoja mnene una mipaka miwili tu, wa kuingilia na wa kutokea. Kuta mbili zinakupa mipaka minne, na kila mmoja unarudisha sehemu ya sauti. Acha nafasi isiyopungua sentimita 10, kwa kuwa nafasi nyembamba hufanya hewa iliyofungiwa iwe kama springi inayoziunganisha kuta hizo kwa sauti za chini, yaani kwa besi yenyewe unayoikimbia. Ukipata pamba ya kioo au ya mwamba, iweke humo ndani bila kuikandamiza, ili inyonye mawimbi yanayorudi rudi kati ya kuta.

Jambo la kusimamia kwa macho yako ni udongo wa kujengea. Vijana wakijenga ukuta wa pili, donge la sementi likiangukia katikati na kukauka likiwa limegusa pande zote mbili, sauti imepata daraja la yabisi na mipaka miwili ya katikati imefutika pale. Ning'inizeni ubao ndani ya uwazi, muupandishe kila mnapomaliza kozi, mtoe yaliyoangukia juu yake kabla ya kuendelea na kozi inayofuata.